Lori gani kwa mzigo gani: mwongozo kwa anayekodi gari la mizigo kwa mara ya kwanza

Maswali haya hayaishi. Mtu anahama Dar es Salaam kwenda Dodoma na vyombo vya nyumba ya vyumba vitatu, anauliza kama Canter, lori dogo la tairi sita, itatosha. Mwingine amenunua magunia 80 ya mahindi Kibaigwa na hajui aite Fuso, lori la kati, au semi, lile linalovuta tela refu. Wa tatu kontena lake la futi 20 limetoka bandarini, na dalali anamwambia gari lolote lenye bodi ndefu litabeba. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa hatua unazoweza kuzifuata simu ikiwa mkononi na mzigo unasubiri.

Nazungumzia Tanzania, ingawa viwango vya uzito nitakavyovitaja ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo ndugu zangu wa Kenya na Uganda wasome pia. Nasisitiza jambo moja: anza na mzigo, gari lifuate. Ukianza na gari kwa sababu tu bei yake imekupendeza, utalipa tofauti kwenye mizani ya barabarani, au kwa mali iliyovunjika, au kwa safari ya pili ambayo hukuipangia.

Kabla hujapiga simu, kuwa na haya

- Uzito wa mzigo kwa kilo, hata kama ni makadirio mazuri.
- Vipimo vya kitu kirefu kuliko vyote, kipana kuliko vyote na kilichokwenda juu kuliko vyote. Futi kamba inatosha.
- Mahali pa kupakia na pa kushushia, pamoja na hali ya mita mia chache za mwisho.
- Jibu la swali hili: nani atapakia na nani atashusha? Makuli, foklifti, winchi, au mzigo unamwagwa?
- Risiti au ankara ya mali. Mbao na mkaa vina vibali vyake vya misitu, mifugo ina vibali vyake, na mazao yana ushuru wa halmashauri. Vyote vipatikane kabla gari halijafika.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Pata uzito wa kweli

Usikubali "kama tani tano hivi". Fanya hesabu.

Saruji ni rahisi: mfuko ni kilo 50, mifuko 20 ni tani moja. Kwa nondo, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162; utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inakuja karibu kilo 10.7, yaani nondo 94 hivi ni tani. Mchanga mkavu ni kama tani 1.6 kwa kila mita moja ya ujazo, na ukilowa unaelekea tani 2, kwa hiyo tripu ileile iliyopita juzi salama inaweza kuwa imezidi leo baada ya mvua. Maji lita moja ni kilo moja: boza la lita 10,000 limebeba tani 10 kabla hujahesabu tanki lenyewe.

Kwa mazao, pima magunia kadhaa kwenye mizani, kisha zidisha. Usihesabu "gunia ni kilo mia" kwa mdomo. Gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kichwa juu na kushonewa kamba, linapita kilo 100 kwa mbali. Sheria ya vipimo inalikataza, linamnyonya mkulima, na linakuharibia hesabu ya gari. Usilipakie.

Hatua ya 2: Jua kama mzigo wako ni wa uzito au wa nafasi

Saruji, nondo, marumaru na mahindi ni mizigo ya uzito. Gari litajaa kwa kilo wakati bodi bado lina nafasi tele. Magodoro, samani, chupa tupu na nguo ni mizigo ya nafasi. Gari litajaa hadi juu, na ukilipeleka mizani halijafika hata nusu.

Kwa mzigo wa uzito, uliza gari linaruhusiwa tani ngapi. Kwa mzigo wa nafasi, uliza urefu, upana na kimo cha bodi. Wanaohama nyumba hukosea hapa. Bodi la Canter lenye urefu wa mita 4.3 na upana wa mita 2, likipangwa hadi mita 2.2 kwenda juu, linakupa mita 19 za ujazo kama hakuna pengo hata moja, na pengo halikosekani. Nyumba ya vyumba vitatu yenye sofa, makabati, vitanda na friji mara nyingi haiingii humo. Fuso lenye bodi la mita 6.2 linaelekea mita 30 na linamaliza kazi kwa safari moja.

Hatua ya 3: Yajue magari yenyewe

*Guta na Toyo.* Magari ya matairi matatu kwa safari za mtaani: mifuko michache ya saruji kutoka hadwea hadi saiti, kreti za soda, tangi la maji la plastiki. Usiyatoe kwenda barabara kuu.

*Kirikuu.* Hizi Suzuki Carry na ndugu zake. Zile za injini ya cc 660 zilizotoka Japani zimetengenezwa kubeba kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji. Najua utaziona zimebeba ishirini. Breki na springi zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kwenye mteremko ndipo ukweli unapojulikana. Itumie kwa mboga, mikate, vifaa vya duka na kuhamisha chumba kimoja.

*Canter.* Tairi sita, mbili mbele na nne nyuma, mzigo wa tani 2 hadi 4 kutegemea toleo. Isuzu Elf, Toyota Dyna na Tata ndogo zimo kwenye kundi hili, na watu wengi huziita zote Canter. Ndilo gari la hadwea, la kuhama nyumba ndogo, la kukusanya mazao shambani na kuyaleta barabarani. Linaingia mitaa ambayo wakubwa zake hawaingii. Likiwa na bodi la boksi lililofungwa, ni zuri kwa dawa, vifaa vya umeme na bidhaa za madukani.

*Fuso.* Jina ni la Mitsubishi lakini kwa matumizi ya kila siku ni lori lolote la kati la ekseli mbili (ekseli ni mhimili unaoshika matairi ya pande mbili). Mzigo tani 7 hadi 10. Ukienda Ilula mkoani Iringa msimu wa nyanya, au masoko ya nafaka kama Kibaigwa, Fuso ndilo utalikuta kwa wingi, kwa sababu mfanyabiashara wa kati hukusanya mzigo wa kiasi hicho na njia za vijijini hulipitisha.

*Tandamu.* Lori lilelile la bodi moja lakini nyuma lina ekseli mbili, jumla tairi kumi. Tani 13 hadi 16 hivi. Kwa mahindi, mchele na saruji za umbali mrefu linashinda Fuso kwa gharama ya kila gunia, mradi ulijaze.

*Tipa.* Bodi linainuka na kumwaga. Mchanga, kokoto, kifusi, mawe. Yale ya tairi kumi, kama Howo za Sinotruk ambazo sasa zimejaa kwenye saiti, hubeba mita za ujazo 10 na kuendelea kutegemea kimo cha bodi. Nunua mchanga kwa mita za ujazo, usinunue kwa "tripu". Ingia na futi kamba, pima bodi kwa ndani: urefu, upana, kimo cha mchanga ulipoishia. Zidisha. Kama katikati pamebonyea, utaona palepale kwamba umeuziwa pungufu.

*Semi.* Kichwa kimoja kinavuta tela lililoegemea mgongoni mwake. Lile la kawaida lina ekseli sita na tairi 22: mbili za mbele, nane za nyuma ya kichwa, kumi na mbili za tela. Hubeba tani 28 hadi 32. Tela lenyewe ndilo linaloamua kazi. Lenye mbavu za kufungua ni la magunia na saruji. Lililo bapa bila mbavu ni la nondo, mabomba na kontena. Lile la mifupa mitupu lisilo na sakafu ni la kontena peke yake. Ukiliita kwa magunia litafika na hutakuwa na pa kuyaweka.

*Pulling.* Lori kamili lenye bodi lake linalovuta tela la pili kwa mkono wa chuma. Kwa saruji, mbolea na nafaka za umbali mrefu ni gari zuri sana. Uzuri wake mwingine ni kwamba tela linaweza kuachwa mahali, lori likaingia peke yake. Ubaya: kurudi nyuma nalo kunahitaji dereva aliyeiva na uwanja mpana.

Yaliyobaki ni ya kazi maalumu. Lobedi, tela la chini sana, hubeba katapila na mashine. Tanki la mafuta lina leseni na masharti yake na halikodishwi kienyeji. Gari la friji ni la samaki, nyama, maua na chanjo. Karia hubeba magari madogo.

Hatua ya 4: Linganisha mzigo na sheria ya barabara

Magari yote yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, gari na mzigo pamoja, yanatakiwa kupita mizani. Canter imo. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma utakutana na Vigwaza, Mikese, Wenda, Uyole na Mpemba.

Mizani inapima vitu viwili: jumla, na kila kundi la ekseli peke yake. Kwa Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, ekseli ya mbele ya usukani ni tani 8, ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10, ekseli mbili za pamoja zenye tairi nane ni tani 18, na tatu zenye tairi kumi na mbili ni tani 24. Sasa jumlisha. Fuso: 8 na 10, jumla 18. Tandamu: 8 na 18, jumla 26. Semi la ekseli sita: 8, 18 na 24, jumla 50. Kikomo cha juu kabisa, kwa ekseli saba, ni tani 56. Tela likiwa na tairi moja moja pana badala ya mapacha, kikomo chake hupungua.

Hizo ni jumla za gari na mzigo, kwa hiyo ondoa uzito wa gari tupu. Utaukuta kwenye kadi ya gari, na mara nyingi umeandikwa kwa rangi ubavuni. Kadi pia inaonyesha uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji. Fuata ulio mdogo kati ya huo na wa barabara.

Mfano wa magunia 80 ya Kibaigwa: kwa kilo 100 kila moja ni tani 8. Fuso lenye uzito wa tani 6.5 likiwa tupu, na kikomo cha tani 16 kwenye kadi, linabakiza tani 9.5. Linatosha na nafasi kidogo. Yangekuwa 120, ungehitaji tandamu.

Tahadhari: "tani 10" anayoisema dalali ni jina la mtaani. Dai picha ya kadi.

Hatua ya 5: Kagua njia na mwisho wake

Semi lina urefu wa mita 16 hadi 18. Tembea mwenyewe hadi mahali pa kushushia, uangalie kona, daraja, waya za umeme zilizolegea, na kibao cha uzito. Ukikuta kibao cha tani 10 mwanzo wa barabara ya mtaa, panga kushushia barabara kuu na kumalizia na Canter, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti mapema. Kwa njia za vumbi, uliza kama imenyesha. Kwa milima kama Kitonga na Sekenke, gari lenye mzigo uliozidi ni hatari kwa dereva, utingo (msaidizi wake) na kila aliye nyuma yao. Hapo sina mzaha.

Hatua ya 6: Zungumza bei ukijua gari linatoka wapi

Bei hulipwa kwa safari nzima, kwa tani, au kwa gunia. Yote sawa, mradi mmeelewana. Linaloshusha bei kuliko ubishi ni mwelekeo. Lori lililopeleka saruji Mbeya linatafuta mzigo wa kurudi nao Dar, na tajiri wake, yaani mwenye gari, atakubali pungufu kuliko kurudi tupu na kuchoma dizeli bure. Kwa hiyo usiite gari kutoka Dar kwenda kukuchukulia mchele Mbarali; litafute kulekule, kwenye maegesho ya malori.

Kabla hamjashikana mikono, uliza: ushuru nani analipa? Makuli? Gari likisubiri kushushwa, ni kiasi gani kwa siku na kuanzia siku ya ngapi? Faini ya mizani ni ya nani? Andika majibu. Malipo yagawanywe: sehemu ya mafuta mwanzoni, salio baada ya mzigo kuhesabiwa. Ukilipa yote mwanzoni unabaki huna la kushikia.

Hatua ya 7: Likague gari kabla halijapakia

Karatasi kwanza: kadi, leseni ya LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) ya kusafirisha mizigo, bima iliyo hai, leseni ya dereva ya daraja la gari hilo. Namba ya kichwa na ya tela ni mbili tofauti, andika zote.

Kisha panda bodini. Mwambie utingo afunike turubai juu yako na afunge mlango, ukae humo ndani dakika moja hadi macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kama nukta ya mwanga, na kila nukta ya mwanga ni mahali maji yatakapopita. Ukiwa humo humo, vuta pumzi. Gari lililobeba mbolea, samaki au dizeli halifai kwa unga na mchele mpaka lioshwe likauke. Pitisha mguu sakafuni utafute misumari iliyochomoza.

Kwa kontena, angalia kufuli nne za pembeni zinazolishika kontena kwenye tela. Ziwepo zote, zizunguke, zifunge. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na linaweza kukaa kwenye bodi refu la Fuso, ndiyo maana madalali huwadanganya watu. Lakini likiwa tupu lina zaidi ya tani 2, na likijaa marumaru linapita tani 20. Fuso haliliwezi kwa uzito, wala halina kufuli. Kamba haizuii kontena kuanguka kwenye kona.

Hatua ya 8: Simamia upakiaji mwenyewe

Vizito chini, vyepesi juu. Uzito usambae, usirundikane nyuma ya ekseli za mwisho, maana hapo mbele panakuwa pepesi na usukani hausikii. Vyuma na mashine vifungwe kwa minyororo au mikanda ya kukazia, si kwa kamba za katani.

Saruji iwekewe mbao au turubai chini. Matenga ya nyanya yasimame sawasawa, tenga likae juu ya kingo za tenga na si juu ya nyanya, na hewa ipite katikati. Turubai lililobana pande zote kwa safari ya mchana linazipika. Friji ya nyumbani isafiri imesimama.

Hesabu wawili: wewe na utingo, kila mmoja na daftari lake, mkilinganisha kila baada ya magunia kumi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 9: Andika, piga picha, kata bima

Karatasi moja yenye tarehe, namba za gari, jina na simu ya dereva na ya tajiri, aina na idadi ya mzigo, bei, kilicholipwa na kilichobaki, na muda wa kutengeneza gari likiharibika njiani. Sahihi mbili. Piga picha mzigo ukiwa wazi, kisha ukiwa umefunikwa.

Wengi wanaamini bima ya gari inalinda mzigo. Hapana. Bima ndogo inamlinda mtu wa tatu, na hata bima kubwa inalinda lori lenyewe. Mzigo una bima yake ya safarini, na kwa mali ya thamani ni kosa kubwa kuiacha.

Mambo yakienda kombo

*Mizani imekataa.* Uliza ni jumla au ni ekseli. Kama jumla iko sawa na ekseli moja imezidi kidogo, mara nyingi tatizo ni mpangilio: mzigo ukisogezwa mbele au nyuma unapita. Kama ni jumla, kuna faini na kupunguza mzigo, na utahitaji gari la pili kufuata kilichoshushwa. Usimruhusu dereva kutafuta njia ya kukwepa mizani na mali yako.

*Gari limeharibika njiani.* Mpe tajiri muda mliokubaliana wa kutengeneza. Ukipita, anatakiwa kutafuta gari jingine na kufaulisha mzigo kwa gharama yake, ndiyo maana jambo hili liandikwe hatua ya 9. Wakati wa kufaulisha awepo mtu wako wa kuhesabu.

*Dereva anadai nyongeza akiwa nusu ya njia.* Mpigie tajiri, si dereva, na umsomee karatasi. Kama nyongeza ni ya haki, kwa mfano umebadilisha mahali pa kushushia, lipa na uandike.

*Mzigo umefika umelowa au umepungua.* Usisaini umepokea salama. Andika palepale pungufu ni kiasi gani, dereva asaini, piga picha turubai na sakafu, kisha mzungumze kuhusu salio la malipo. Kama ulikata bima, piga simu kabla hujahamisha kitu.

*Gari haliingii mtaani.* Kodi Canter za karibu na mfaulishe kwa zamu. Anza asubuhi, makuli wa jioni hudai zaidi na giza huficha magunia.

*Mzigo wako haujazi hata Fuso.* Tafuta mwenzako wa njia hiyo mchangie gari. Wekeni alama za rangi tofauti kwenye mali, na atakayeshusha mwisho apakie kwanza.